Kutoka Kandili Hadi Kandela: Historia ya Kupimia Mng'ao na Weupe wa Kuta za Skrini

Katika mji wa Arusha na viunga vya Mlima Meru, rangi zimetiwa katika majina ya mahali tangu kale. Kata ya Ngarenaro imepata jina lake kutokana na maneno ya Kimaa yenye maana ya "maji meusi", na Ngarenanyuki, iliyoko upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ni "maji mekundu". Jina hili la pili lilifika hata Umoja wa Mataifa mwaka 1952, pale Kirilo Japhet alipowasilisha malalamiko ya Wameru walioondolewa katika ardhi yao mwaka uliotangulia. Waliotoa majina hayo hawakuwa na haja ya kueleza ni weusi wa kiasi gani, wala ni wekundu wa namna gani. Mto ulikuwa pale pale, na aliyetaka kuhakikisha alikwenda kutazama. Haja ya kutaja kiasi huja pale vitu viwili vinapotakiwa kufanana ilhali viko mbalimbali, au pale vinapokaa karibu mno hata jicho lisivumilie tofauti iliyo baina yao. Hali hii ya pili ndiyo iliyotuleta kwenye makala haya.

Miaka michache iliyopita tuliitwa Arusha, kwenye ukumbi mmoja wa mikutano ambao hatuna haja ya kuutaja. Huko mafundi walikuwa wamefunga ukuta wa skrini 12, safu tatu za skrini nne nne, ili picha moja ienee juu ya zote. Maelezo ya mitambo yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilikuwa imepita mikononi mwetu. Mafundi waliifuata neno kwa neno. Walipowasha picha ya kwanza, ambayo ilikuwa bendera ya Taifa, kijani ya pembe ya juu ilikuwa ya namna tatu, na buluu ya pembe ya chini ilionekana kama samawati kwenye skrini moja na kukaribia zambarau kwenye jirani yake. Mzee mmoja mlinzi wa ukumbi aliingia, akaamkiwa shikamoo na vijana waliokuwa juu ya ngazi, akaitikia marahaba, kisha akasimama akitazama. "Wanangu," akasema, "bendera hii mmeifua nusu?"

Hatukucheka sana, kwa sababu kosa lilipotafutwa lilionekana limo katika sentensi yetu. Asili yake iliagiza kwamba shabaha iwe mng'ao wa juu kabisa ambao skrini zote, mojamoja, zinaweza kuufikia. Sisi tuliandika "weka mwanga wa juu kabisa unaofikiwa na skrini". Neno skrini, kama nyumba na ngoma, halibadiliki umoja wala wingi, na katika sentensi ile hapakuwa na kivumishi wala kiambishi cha kuonyesha ni skrini ngapi. Fundi alisoma umoja. Alichukua kila skrini peke yake, akaipandisha hadi mwisho wa uwezo wake, akaenda kwenye ya pili akafanya vivyo hivyo. Kwa mujibu wa maandishi aliyopewa, fundi hakukosea hata kidogo. Neno "kila" lingetosha kumwokoa, nasi hatukuliandika.

Kosa lingine lilikuwa zito zaidi, nalo ndilo linalotaka historia. Katika kurasa zile 30 tulitumia neno "mwanga" kwa mambo manne: mwanga unaotoka katika taa iliyo nyuma ya kioo cha skrini, mng'ao wa uso wa skrini kama unavyoonekana na mtazamaji, mwangaza wa chumba unaoangukia skrini kutoka madirishani, na weupe wa picha. (Tunaacha kando maana ya tano ya neno hilo, yaani mtu achezaye uchawi usiku, ingawa kijana mmoja alituuliza kwa dhihaka kama "mwanga mkali" wa ukurasa wa 12 ni mtu wa kuogopwa.) Sayansi imetenganisha mambo hayo manne kwa muda mrefu, na kwa gharama kubwa. Mtafsiri asiyejua yalivyotengana atayachanganya tena.

Mwanzo wa upimaji wa mwanga ni taa za nyumbani. Katika karne ya 19 kampuni za gesi za Ulaya ziliuza mwanga barabarani na majumbani, na mnunuzi alitaka kujua anauziwa kiasi gani. Uingereza iliweka katika sheria ya mwaka 1860 mshumaa wa kipimo, uliotengenezwa kwa mafuta magumu yatokayo katika kichwa cha nyangumi. Mishumaa sita ilikuwa na uzito wa ratili moja, na kila mmoja uliungua kwa kiasi kilichotajwa kwa saa. Wafaransa walitumia taa ya Carcel iliyokunywa gramu 42 za mafuta ya mbegu kwa saa. Wajerumani walikuwa na taa ya Hefner, ambayo ndimi yake ya moto ilipaswa kusimama milimita 40 kamili. Kila taifa lilikuwa na kandili yake, na kila moja iliamini kwamba ya jirani inafuka moshi.

Namna ya kulinganisha taa hizo inastahili kukumbukwa, kwa sababu ndiyo asili ya kazi ya ukuta wa skrini. Mkemia Mjerumani Robert Bunsen alichukua karatasi akaitia doa la mafuta. Yeyote aliyepata kufungiwa maandazi katika gazeti analijua doa hilo: karatasi ikielekezwa kwenye mwanga doa huonekana jeupe, na likitazamwa kutoka upande wenye mwanga huonekana jeusi. Karatasi iliwekwa katikati ya taa mbili, ikasogezwa huku na huku, mpaka ikafika mahali ambapo doa lilitoweka machoni. Hapo mwanga wa pande zote mbili ulikuwa sawa, na umbali wa kila taa ulisema mengine yote. Jicho la binadamu halijui kusema "hii ni mishumaa 14", lakini linajua vizuri sana kusema "hapa hakuna mpaka". Vyombo vya leo vimechukua kazi ya kuhesabu. Hukumu ya mwisho juu ya mpaka kati ya skrini mbili bado ni ya jicho, kama mzee wetu alivyoonyesha.

Mwaka 1948 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliondoa mishumaa na taa za mataifa mbalimbali, ukaweka kipimo kimoja, kandela. Kilifafanuliwa kwa mng'ao wa chombo cheusi kwenye joto ambalo platini iliyoyeyuka huanza kuganda. Uso wa sentimita moja ya mraba wa chombo hicho ulihesabiwa kuwa na kandela 60. Mwaka 1979 ufafanuzi huo nao uliachwa, na kandela ikafungwa kwenye nguvu ya mnururisho wa aina moja tu, ulio katika eneo la kijani ambako jicho ni jepesi zaidi kuona. Jina halikubadilika. Kwa sisi wa Kiswahili jina hili si geni kama linavyodhaniwa. Kandela ni neno la Kilatini la mshumaa, na neno hilo hilo lilipita kwa Wagiriki likafika kwa Waarabu likiwa kindili au kandili, likavuka bahari likatufikia sisi. Kwa hiyo kandili iliyoning'inia barazani kwa bibi na kandela ya maabara ni ndugu waliopotezana njiani. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba kandela ni neno la kukopa, na hakuna aliyetuambia kwamba tulikwisha kulikopa karne nyingi zilizopita. Hata karabai, taa ya pampu iliyoangaza harusi na minada kabla ya umeme, ilikuja na kipimo hiki. Taa za Petromax zilizojulikana sana ziliandikwa nguvu ya mishumaa 500.

Basi turudi kwenye neno "mwanga". Wanasayansi wanatofautisha mwanga wote unaotoka katika taa, ambao kipimo chake ni lumeni, na ule unaoangukia meza au ukuta, ambao kipimo chake ni luksi, na ule unaoonekana ukitoka katika uso wa kitu kuelekea jicho, ambao kipimo chake ni kandela kwa mita ya mraba. Mafundi hukiita kipimo hiki cha mwisho niti. Tumependekeza, na tunashikilia pendekezo hilo, kwamba "mwanga" libaki jina la jumla, "mwangaza" liwe ule uangukao juu ya kitu, na "mng'ao" liwe ule utokao kwenye uso wa kitu. Lugha yenyewe inatuongoza. Kwa kawaida ya wasemaji, chumba chenye madirisha mapana husifiwa kwa mwangaza, na sufuria iliyosuguliwa kwa majivu husifiwa kwa kung'aa. Ukuta wa skrini hung'aa wenyewe, na mwangaza wa madirisha huupunguzia sifa. Wenzetu waliotaka "ung'avu" hawakukosea. Sisi tuliogopa tu kwamba ung'avu ni sifa ya kudumu ya kitu, ilhali mng'ao ni tukio linaloweza kupandishwa na kushushwa.

Rangi ni sehemu yenye utata zaidi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote tumezitoa katika vitu: kijani katika majani, kijivu katika jivu, manjano katika kiungo cha jikoni, zambarau katika tunda, kahawia katika kahawa, samawati katika mbingu za Waarabu. Neno "-eupe" lenyewe halikuwa jina la rangi peke yake. Maji meupe ni maji safi yasiyo na tope, kukiwa kweupe maana yake kumekucha, na moyo mweupe hauna rangi yoyote. Weupe wa Kiswahili ulikuwa pamoja ni rangi, ni uwazi, na ni wingi wa mwanga. Ndiyo maana fundi akisema "ongeza weupe" anaweza kumaanisha apandishe mng'ao au abadilishe rangi ya nyeupe, na mambo haya mawili ndiyo shabaha mbili ambazo kila mpimaji wa ukuta wa skrini hana budi kuziweka mbalimbali.

Nyeupe ya skrini hutengenezwa kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Buluu ikizidi, nyeupe huwa ya barafu, na nyekundu ikizidi, huwa ya mshumaa. Kiasi cha tofauti hiyo hupimwa kwa nyuzi za Kelvin, kwa mfano wa kitu cheusi kinachopashwa moto. Mhunzi anakijua kitu hicho bila kusoma fizikia. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha njano, na kikizidi huelekea kwenye weupe. Taa ya balbu ya zamani ina kiasi cha nyuzi 2,700, na mchana wa kawaida, jua na mbingu pamoja, huhesabiwa kuwa na kiasi cha 6,500. Hapa mtafsiri huanguka, nasi tulianguka. Watu wa nchi nyingi huita nyeupe yenye buluu "baridi" na nyeupe yenye wekundu "joto", lakini kwa nyuzi za Kelvin ile inayoitwa baridi ndiyo yenye joto zaidi. Sentensi isemayo "punguza joto ili nyeupe iwe ya joto" ni sahihi kabisa, na hakuna fundi atakayeielewa. Tumependekeza kuacha joto na baridi kando, na kusema "weupe wa kandili" kwa nyuzi za chini na "weupe wa mbingu" kwa nyuzi za juu, na namba ziandikwe daima.

Watu wa Arusha hawakungoja skrini ili wajifunze jambo hili. Mwaka 1967 jiwe jipya liligunduliwa Mererani, sehemu iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, na Jumanne Ngoma alitambuliwa na Serikali kuwa mgunduzi wake. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililiuza kwa jina la tanzanite. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, na hupashwa moto wa nyuzi za Selsiasi 500 au 600 ili yawe ya buluu. Tena jiwe moja huonyesha rangi tofauti likigeuzwa, na likitazamwa chini ya balbu ya zamani huelekea urujuani, ilhali kwenye mwanga wa mchana huelekea buluu. Mfanyabiashara wa mawe mjini Arusha hakubali bei kabla hajasogea dirishani. Anachofanya pale dirishani ni kuchagua nyeupe ya kulinganishia. Anajua kwamba rangi ya jiwe haiwezi kutajwa mpaka itajwe kwanza nyeupe ya mwanga unaolimulika, nalo ni fundisho ambalo wahandisi wa televisheni walilazimika kuliandika katika vitabu.

Kuandikwa kwake kulianza mwaka 1931, katika mkutano wa Tume ya Kimataifa ya Mwanga uliofanyika Cambridge, Uingereza. Ili rangi ipewe namba ilibidi kwanza ijulikane jicho la nani linatazama. W. D. Wright alikuwa amepima macho ya watu 10 huko London, na John Guild ya watu 7. Kutokana na watu hao 17 likatengenezwa jicho moja la wastani, likaitwa mtazamaji sanifu, na hadi leo karibu kila kipimo cha rangi ya skrini, kiwe Tokyo au Arusha, hupitia jicho hilo. Msomaji wa jarida hili hatakosa kukumbuka jambo la karibu yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Katika muda wa miaka mitatu vilizaliwa viwili visivyo na mama: msemaji sanifu ambaye hakunyonyeshwa Kiswahili hicho na yeyote, na mtazamaji sanifu ambaye hana uso. Wote wawili walitokana na watu wachache wa mahali pamoja, na wote wawili wamelaumiwa kwa sababu hiyo, kwa haki. Lakini bila huyo wa kwanza kitabu cha shule kisingesomeka Kigoma na Lindi kwa namna moja, na bila huyu wa pili hakuna skrini mbili ambazo zingeweza kuambiwa zifanane.

Televisheni ilizichukua namba hizo. Wamarekani walipoanza televisheni ya rangi mwaka 1953 waliweka nyeupe yao, yenye buluu kidogo zaidi. Ulaya ilipochagua mtindo wa PAL, uliobuniwa na Walter Bruch huko Ujerumani na kuanza kurushwa mwaka 1967, iliwekwa nyeupe ya mchana wa nyuzi 6,500, ambayo kwa ramani ya mwaka 1931 imeandikwa 0.3127 na 0.3290. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika, nayo ilichukua mtindo huo wa PAL. Tanzania Bara haikuwa na vituo vyake vya televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 20 istilahi za rangi ya televisheni zilitumika Visiwani peke yake, midomoni mwa mafundi, na hakuna aliyezikusanya. Tunalitaja hili kwa masikitiko, kwa sababu tulipohitaji maneno tulianza upya kama kwamba hakuna Mswahili aliyepata kurekebisha rangi ya televisheni kabla yetu.

Juu ya kuta za skrini zenyewe hatutakawia. Mwaka 1988 msanii Nam June Paik alijenga huko Korea mnara wa televisheni 1,003, na watu wakaona kwa mara moja uzuri wa skrini nyingi pamoja na ubaya wake, kwani televisheni huzeeka, tena hazizeeki pamoja. Mnara huo ulizimwa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakavu, ukawashwa tena mwaka 2022 baada ya kukarabatiwa. Ukuta wa ukumbi wetu una skrini 12 tu, lakini ugonjwa ni ule ule. Skrini zilizotoka kiwandani siku moja hutofautiana kidogo, na baada ya mwaka hutofautiana zaidi.

Kwa hiyo shabaha huwekwaje? Neno "shabaha" tulilichagua baada ya mabishano. Watafsiri walipendelea "lengwa", kwa kuwa wamezoea lugha chanzi na lugha lengwa. Lakini shabaha lina utajiri ambao lengwa halina. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule wa "shabihi", yaani kufanana. Kwenye ukuta wa skrini kulenga na kufananisha ni tendo moja, na kwa nadra sana mtunga istilahi hupata neno lililomngojea namna hii.

Kazi yenyewe ilifanyika upya siku ya tatu, nasi tulikuwepo na daftari. Skrini ziliwashwa zaidi ya nusu saa kabla ya kupimwa, maana skrini baridi husema uongo. Mapazia yalifungwa. Ilikuwa Julai, mawingu ya Meru yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa, na hata hivyo mwangaza uliopenya kwenye pindo za mapazia ulitosha kuharibu vipimo vya nyeusi. Chombo cha kupimia kiliwekwa katikati ya kila skrini, kikiitazama sawasawa bila kuinama. Skrini yenye nguvu zaidi ilitoa kandela 520 kwa mita ya mraba, dhaifu zaidi 430. Tulidhani shabaha itakuwa 430. Fundi mkuu akatikisa kichwa.

Sababu yake ni hii. Weupe huwekwa kabla ya mng'ao, na kuweka weupe kuna gharama. Skrini zote zilikuwa na weupe wa mbingu uliozidi, kwa hiyo kuzifikisha kwenye nyuzi 6,500 kulitaka kupunguza buluu, na kwa baadhi kupunguza kijani pia. Katika mng'ao wa nyeupe ya televisheni, kijani huchangia kiasi cha asilimia 72, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Ukipunguza buluu hasara ni ndogo. Ukigusa kijani, mng'ao unashuka mara moja. Ile skrini dhaifu ilikuwa mojawapo ya zilizohitaji kupunguzwa kijani, na baada ya kusawazishwa ikabaki na 395. Tena isiachwe mwisho wa nguvu zake, kwa sababu mwakani itakuwa imeshuka na haitakuwa na akiba ya kupandishwa. Shabaha ikawekwa 350 kwa zote. Mkubwa mmoja wa ukumbi alinung'unika kwamba amelipia 500 na anapewa 350. Jibu la fundi lilikuwa fupi: "Mheshimiwa, ukuta ni mmoja." Tuliliandika, ingawa si istilahi.

Tofauti iliyobaki kati ya skrini na skrini ilipimwa kwa kipimo kilichowekwa na ile Tume ya Mwanga mwaka 1976, ambacho alama yake ina herufi E kutokana na neno la Kijerumani la hisia. Tumekiita "tofauti ya hisia". Tofauti ya 1 huhesabiwa kuwa karibu na mpaka wa jicho, na skrini zinazopakana hutakiwa ziwe karibu na hapo kuliko zile zilizo ncha mbili za ukuta, kwa kuwa jicho husamehe umbali na halisamehi ujirani. Mmarekani David MacAdam alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1942 kwamba jicho haliko sawa kwa rangi zote, kwani katika kijani huvumilia mwachano mpana wa namba, na katika buluu mwachano mdogo tu hulikera. Ndiyo maana samawati na zambarau ya bendera zilimchoma mzee wetu upesi hivyo.

Kazi hii nzima ya kupima, kulinganisha na shabaha na kurekebisha, tulitaka kuiita "usawazishaji". Baadaye tuliona kwamba Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya ugezi, na ugezi unatokana na kugeza, kitenzi cha zamani chenye maana ya kuigiza au kulinganisha na kielelezo. Tumelikubali bila masharti. Seremala anayekata ubao wa pili kwa kuulaza juu ya wa kwanza anageza. Hata mtafsiri anageza. Tunaomba walimu wa ufundi walitumie neno hili darasani badala ya kusema "kusetisha", ambalo halituambii chochote isipokuwa kwamba kitufe kimebonyezwa.

Lipo neno moja ambalo bado hatulioni. Baina ya skrini na skrini pana ufito mwembamba mweusi usiotoa picha, wa milimita chache, ambao hakuna ugezi unaoweza kuuondoa. Mafundi wa Arusha tuliowasikia waliuita "mshono", na mmoja aliuita "mpaka". Mshono ni zuri, lakini hushonwa vitu vilivyotobolewa sindano. Mpaka limekwisha kubeba mambo mengi, hasa katika mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msomaji mwenye neno lililo katika matumizi ya kwao, liwe la mafundi wa madirisha, la wafumaji wa mikeka au la wajenzi wa majahazi, atuandikie pamoja na kueleza alilisikia kwa nani na wapi.